Nyumba ya juu yenye giza: Tafuta mwanga kabla ya kununua balbu

Huenda umewahi kuambiwa kwamba mpangaji wa ghorofa ya mwisho ndiye mwenye bahati ya jua. Yuko karibu na mbingu, watu husema, na hana jirani wa kumkanyagia dari usiku. Anayesema hivyo hajaingia nyumba nyingi za Pipeline, Huruma, Zimmerman au Githurai saa nane mchana. Utapanda ngazi ghorofa sita, ufike juu ukihema, mlango ufunguliwe, na jambo la kwanza atakalofanya mwenyeji wako ni kuwasha taa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binamu yangu mnamo Julai 2023. Alikuwa ametoka hospitalini na mtoto wa siku mbili, na mama mkwe wake alikuwa amekuja kutoka mashambani kumsaidia. Chumba chao kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jengo la pili, hatua mbili tu kutoka pale. Kuta za ndani zilikuwa za rangi ya chungwa, pazia la damu ya mzee, na balbu moja ya mwanga wa kimanjano iliwaka kutwa kucha. Siku ya nne mama mkwe alipanda paani kuanika nepi, akambeba mtoto ili mama yake apate usingizi kidogo. Hakukaa dakika tano.

"Mwanangu, hebu njoo umtazame mtoto huku nje," aliita.

"Ana nini, mama?"

"Macho yake ni ya manjano. Na nyayo pia."

Walikwenda hospitalini asubuhi iyo hiyo. Muuguzi aliyewapokea aliwauliza swali moja tu: "Mama, amekuwa hivi tangu lini?" Hakuna aliyeweza kujibu. Ndani ya nyumba ile kila kitu kilikuwa cha manjano: kuta, shuka, hata mikono ya watu wazima. Mtoto alilazwa siku mbili chini ya taa za buluu, akapona, na sasa ni kijana anayekimbia ngazini na kumkimbiza mama yake roho.

Wengi hufikiri kwamba giza la nyumba ni jambo la kuudhi tu, au ni suala la urembo na bili ya stima. Lakini mwanga wa mchana ndio unaokuonyesha hali ya mwili wa mtu unayeishi naye. Zaidi ya nusu ya watoto wachanga hupata manjano kidogo katika wiki ya kwanza, na wengi wao hupona wenyewe. Wachache, kemikali iitwayo bilirubini huzidi katika damu na inaweza kuharibu ubongo na masikio. Kwa mtoto mwenye ngozi nyeusi, manjano hutafutwa kwenye weupe wa macho, kwenye ufizi, viganja na nyayo, na sharti atazamwe kwa mwanga wa mchana. Yakionekana kabla hajatimiza saa 24 tangu azaliwe, au yakifika viganjani na nyayoni, au mtoto akiwa mlegevu na hanyonyi, usingoje kesho.

Na usijidanganye kwamba utamtibu kwa kumlaza karibu na dirisha. Ni kweli kwamba tiba ya mwanga ilianzia kwa jua. Katika miaka ya 1950, muuguzi mmoja wa hospitali ya Rochford huko Uingereza, Jean Ward, alizoea kuwatoa watoto njiti bustanini. Aliona kwamba ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua ilikuwa imepungua manjano kuliko ile iliyofunikwa na shuka, na mwaka wa 1958 madaktari wa hospitali hiyo wakachapisha habari za taa walizotengeneza. Lakini taa za hospitali hupimwa nguvu, na mtoto hupimwa damu. Dirishani hakuna vipimo hivyo. Kazi ya dirisha lako ni kukuwezesha kuona.

Baada ya mtoto kurudi, binamu yangu aliniomba nimsaidie kuchagua balbu kubwa zaidi. Nilimwambia kwanza azime ile iliyopo.

Keti pale unapoketi kila siku

Hili ndilo jaribio la kwanza, nawe ulifanye kabla ya kutumia shilingi yoyote. Saa sita mchana, zima taa zote. Keti mahali unapokula, unaponyonyesha au watoto wanapofanyia kazi ya shule, kisha utazame dirishani. Je, unaona kipande chochote cha mbingu, hata kiwe upana wa kiganja? Ukikiona, nyumba yako ina mwanga ila kuna kitu kinachouzuia njiani. Usipokiona, mwanga wote unaokufikia umeshagonga ukuta wa mtu mwingine kwanza, na hapo dawa yake ni tofauti.

Rudia jaribio hilo ukisogea taratibu kuelekea dirishani. Mahali mbingu inapoanza kuonekana, weka alama sakafuni kwa chaki. Ng'ambo ya alama hiyo ndipo panapofaa meza ya kusomea, kiti cha kunyonyeshea na kitanda cha mgonjwa. Kabati na makochi ya wageni yarudi gizani. Nyumba nyingi nilizoingia zimepangwa kinyume kabisa: runinga na kabati la kahawia vimekaa kando ya dirisha, naye mtoto anaandika kwenye kona ya mlangoni.

Wachoraji wa majumba wana kipimo chepesi: mwanga wa mchana wa kutosha huingia ndani kwa umbali wa mara mbili hivi, au mara mbili na nusu, ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha kutoka sakafuni. Dirisha linaloishia mita mbili kutoka chini litaangaza mita nne au tano, iwapo hakuna kizuizi. Angalia neno "ukingo wa juu". Nusu ya juu ya dirisha ndiyo inayoona mbingu, na ndiyo hasa tunayoipenda kuifunika: kwa pelmeti, kwa mikunjo ya pazia, kwa katoni zilizopangwa juu ya kabati.

Basi anza hapo. Ondoa vilivyo mbele ya dirisha, ndani na nje. Kwenye roshani, pipa la maji lisogezwe pembeni, baiskeli itafutiwe mahali pengine, na nguo zianikwe juu paani. Osha vioo pande zote mbili. Vumbi la barabara za Eastlands pamoja na moshi wa jikoni hufanya kioo kuwa kama karatasi ya kufungia nyama. Wavu wa mbu uoshwe pia, kwani matundu yake yakijaa vumbi huzuia mwanga na hewa kwa pamoja. Binamu yangu alitumia Jumamosi moja, ndoo mbili za maji na gazeti la zamani, na jioni yake akanipigia simu kuniuliza kama jua la siku ile lilikuwa kali kuliko kawaida.

Suala la pazia lina ugumu wake. Jirani yuko hatua mbili kutoka dirishani, na hakuna anayependa kuvaa huku akitazamwa. Usiondoe pazia, ligawe. Weka kitambaa cheupe chepesi kwenye nusu ya chini tu ya dirisha, au ubandike karatasi ya kufifisha kioo hapo, ile ya madukani ambayo hupitisha mwanga bila kuonyesha sura. Nusu ya juu iache wazi mchana. Pazia zito liwe la usiku, na fimbo yake iwe ndefu kupita upana wa dirisha ili pazia likisukumwa likae ukutani, lisilale juu ya kioo.

Kwa wale wanaoishi chumba kimoja kilichogawanywa kwa shuka kubwa, upande mmoja kitanda na mwingine makochi, shuka hilo ndilo ukuta wenu. Likiwa zito na la rangi ya kiza, mmejenga giza kwa mikono yenu. Tumieni jeupe, na liishie nusu mita chini ya dari.

Ukuta ulio ng'ambo

Sasa tuje kwa yule ambaye haoni mbingu kabisa. Dirisha lake linatazama ukuta wa simenti ya kijivu. Wengi katika hali hii hukimbilia kioo kikubwa cha kujitazamia, kwa kuwa wamesikia kwamba kioo huongeza mwanga. Lakini kioo hakina mwanga wake. Hurudisha kile kinachokiona. Kikitazamana na dirisha linaloona ukuta wa kijivu, kitakuletea ukuta wa pili wa kijivu ndani ya nyumba. Kioo hufaa pale ambapo kuna mbingu ya kurudisha, na hapo kiwekwe ukutani pembeni mwa dirisha au mkabala nalo, kifungwe kwa skrubu madhubuti, mbali na mtoto anayejifunza kusimama.

Dawa ya ukuta wa ng'ambo ni chokaa. Simenti tupu hurudisha takriban robo tu ya mwanga unaoigonga. Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unaweza kurudisha robo tatu. Maana yake ni kwamba uchochoro ule ule, chini ya mbingu ile ile, huweza kukupa mwanga maradufu na zaidi bila balbu hata moja. Wewe wa ghorofa ya juu una nafasi nzuri kuliko wote, kwa sababu mbingu huupiga ukuta wa juu kwanza kabla ya kushuka kwa majirani walio chini.

Tatizo ni kwamba ukuta huo si wako. Hapa huna budi kutumia maneno. Binamu yangu na wapangaji wengine watano walimwendea mtunzaji wa jengo la pili, wakamwambia watachanga chokaa na malipo ya fundi, mradi mwenye jengo akubali. Ilichukua wiki tatu. Mwenye jengo alishuku mwanzoni kwamba kuna njama ya kumnyang'anya uchochoro, na sioni ajabu, kwa maana Nairobi mtu hupakiwa ukuta leo na kesho akadaiwa ploti. Mwishowe alikubali kwa barua. Fundi alipaka kutoka paani kwa kamba na mkanda wa usalama. Usikubali mtu aning'inie dirishani mwako kwa ajili ya kuokoa pesa kidogo. Ikumbukwe pia kwamba chokaa mbichi huchoma macho na ngozi. Funga madirisha wakati wa kupaka, na ikimwingia mtu jichoni, aoshwe kwa maji mengi mara moja na apelekwe kliniki.

Kuna majengo ambayo vyumba vya katikati hupata mwanga kutoka kwenye tundu kubwa linaloshuka tangu paa hadi chini. Mdomo wa tundu hilo aghalabu hufunikwa kwa mabati angavu ya plastiki ili mvua isiingie. Panda uyatazame, ukiwa na mtunzaji. Mara nyingi yamejaa vumbi, majani na kuvu ya kijani, na ya zamani yamegeuka manjano kwa jua. Kuyaosha ni kazi ya asubuhi moja. Hakikisha tu kwamba kati ya mabati hayo na kuta pana nafasi ya hewa kutoka, kwa kuwa tundu hilo ndilo pua ya jikoni za jengo zima.

Paa: wenye mabati na wenye zege

Baadhi yenu mnaishi kwenye ghorofa ambayo mwenye nyumba aliiongeza baadaye, kwa mabati juu ya kuta nyembamba. Hapo mwanga mkubwa uko juu ya kichwa chako, umezuiwa na karatasi ya chuma. Bati moja angavu badala ya bati la kawaida hubadilisha chumba kizima. Chagua lile la rangi ya maziwa badala ya linaloona kabisa, kwani hutawanya mwanga na halikuchomi utosini. Liwekwe juu ya ukumbi, jikoni au mahali pa kusomea. Juu ya kitanda litakunyima usingizi wa mchana ukiwa unafanya kazi za zamu ya usiku, na litaongeza joto. Usizidishe: bati moja kwa chumba kidogo linatosha.

Huenda umesikia pia habari za chupa ya maji. Mwaka wa 2002 fundi makanika wa Brazili aitwaye Alfredo Moser aligundua kwamba chupa ya plastiki iliyojazwa maji safi na dawa kidogo ya kufanya nguo nyeupe, ikipenyezwa nusu juu ya bati na nusu ndani, hukusanya jua na kulitawanya chumbani kama balbu ya wati 40 hadi 60. Dawa hiyo huzuia maji kuota ukijani. Mbinu hii ilienea baadaye hadi Ufilipino na nchi nyingine nyingi. Inafanya kazi vizuri kweli, lakini kwa paa la bati moja tu lisilo na dari chini yake, na mchana pekee. Tundu lisipozibwa sawasawa kwa gundi ya mafundi, mvua ya Aprili itakufundisha. Ruhusa ya mwenye nyumba ni lazima.

Mwenye paa la zege asithubutu kutoboa. Nondo zilizomo ndizo zinazobeba tangi la maji juu ya kichwa chake.

Upande wa jua ni jambo ambalo wageni wa mji hulisahau. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huegemea kaskazini; miezi iliyobaki huegemea kusini. Kwa hivyo chumba kinachotazama kusini kitakuwa na mwanga mtamu Desemba, kisha Juni na Julai, wakati wa baridi na mawingu, kikawa pango. Ukienda kutafuta nyumba Januari, muulize mpangaji anayetoka hali ilivyokuwa Julai. Na uende mchana, taa zikiwa zimezimwa. Ajenti akikuonyesha nyumba saa moja jioni, ana sababu zake.

Rangi ya ndani

Nyeupe ndiyo rangi ya kwanza kwa dari, na hapa siachi nafasi ya mjadala. Dari hupokea mwanga unaoruka kutoka ukutani na sakafuni, nalo likiwa limeingia masizi humeza kila kitu. Rangi nyeupe isiyong'aa hurudisha takriban asilimia 80 ya mwanga. Kahawia au maruni huenda isifikishe 20. Kuta zinaweza kuwa na weupe wa maziwa ukipenda, ila ule ukuta unaokabili dirisha na zile kingo za ndani za dirisha lenyewe ziwe nyeupe kabisa. Ukiwa na pesa ya kopo moja dogo tu, paka kingo hizo. Upana wake ni sentimita kumi na tano tu, lakini mwanga wote hupitia hapo.

Epuka rangi za chungwa, waridi na kijani kibichi katika chumba cha mtoto mchanga au mgonjwa. Kuta hupaka rangi yake juu ya ngozi, kama tulivyoona.

Kabla ya kupaka, kuna hatari moja. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa watoto hata kwa kiasi kidogo. Usizikwaruze zikiwa kavu. Lowesha ukuta, sugua taratibu, kusanya vipande, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji, na watoto wasiwepo siku hiyo. Kwa rangi mpya, muulize mwenye duka kama risasi yake haizidi sehemu 90 katika kila milioni, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani.

Sakafu ya simenti nyekundu iliyopigwa polishi inapendeza, nami nimelelewa juu ya sakafu kama hiyo, lakini ni nyeusi kwa hesabu ya mwanga. Mkeka wa rangi ya ukindu mbele ya dirisha husaidia. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma ambavyo akina mama hutandika juu ya makochi, na vijana huvicheka, vinafanya kazi yao pia.

Sasa nunua balbu

Baada ya hayo yote, taa ina nafasi yake. Usisome wati peke yake, kwani wati hukuambia umeme unaotumika. Mwanga wenyewe huandikwa kwa lumeni. Balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa lumeni 800 hivi; balbu ya LED ya wati 8 hadi 10 hutoa kiasi hicho hicho. Kwa yuniti moja ya tokeni, LED ya wati 10 huwaka saa 100. Ile ya zamani ya wati 60 haifikishi saa 17.

Kisha tazama kelvini. 2700 ni mwanga wa kimanjano kama wa taa ya chemni, 4000 ni mweupe wa wastani, na 6500 ni wa kibuluu kama mbingu ya mawingu. Kwa jikoni na mezani, 4000 hunitosha. Chumbani usiku tumia 2700 na hafifu, kwa maana jicho lina chembe zinazopeleka habari za mwanga kwenye saa ya mwili, chembe ambazo wanasayansi walizifahamu vizuri mwaka wa 2002, na mwanga mkali wa kibuluu huiambia saa hiyo kwamba bado ni mchana. Mtu analala saa saba, halafu analaumu kelele za majirani.

Kwenye sanduku la balbu kuna namba nyingine ndogo ambayo watu huipuuza, huandikwa CRI au Ra. Hueleza jinsi balbu inavyoonyesha rangi za vitu kwa ukweli, jua likiwa 100. Nyingi ni 80. Mahali unapomvisha mtoto au kufunga kidonda, tafuta yenye 90 au zaidi.

Hata hivyo, usisahau kwamba balbu haiingizi hewa. Florence Nightingale aliandika katika kitabu chake cha uuguzi cha 1859 kwamba baada ya hewa safi, kitu cha pili anachohitaji mgonjwa ni mwanga. Viini vya kifua kikuu huelea hewani katika chumba kilichofungwa, na chumba chenye giza mara nyingi ndicho hicho hicho kisichofunguliwa. Fungua dirisha kila siku, hata Julai. Na ukileta jiko la makaa ndani kwa sababu ya baridi huku umeziba matundu ya hewa, moshi wake usioonekana unaweza kuua familia nzima usingizini.

Vilevile, mwanga wa jua unaopita kwenye kioo hautengenezi vitamini D mwilini, kwa kuwa kioo huzuia ile miale inayohitajika. Mtoto anayekaa ndani siku nzima, hata nyumba iwe nyeupe kiasi gani, anaweza kuota matege. Hapa ndipo mkaaji wa ghorofa ya mwisho ana faida kweli, maana paa liko ngazi moja juu. Mpandishe mtoto asubuhi, miguu na mikono ikiwa wazi, kwa muda mfupi usiomchoma, ukiwa umemshika. Kuta za ukingo wa mapaa mengi ni fupi mno kwa mtoto aliyeanza kutambaa.

Iwapo mwenye nyumba hasikii lolote na chumba kinakudhuru, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, huihesabu nyumba ambayo ujenzi au hali yake ni hatari kwa afya kuwa kero inayopaswa kuondolewa. Afisa wa afya ya umma wa kaunti ana mamlaka ya kuja kuikagua. Andika barua, wapangaji kadhaa mtie saini, mtaje vyumba na saa mlizofanya lile jaribio la kuzima taa, kisha mbaki na nakala.

Kwa binamu yangu haikufika huko. Kuta zake sasa ni nyeupe, ukuta wa jirani pia, na kitanda kimehamia upande wa alama ya chaki. Taa ya sebuleni huwashwa saa kumi na mbili na nusu jioni, jua linapotua. Jikoni bado ni giza, kwa sababu mabati ya mdomo wa tundu yamezeeka na mwenye jengo anasema atayabadilisha mwezi ujao. Amekuwa akisema hivyo tangu tulipoyaosha. Hapo binamu ameweka LED ya wati 9, CRI 90, na anapotaka kuhakikisha kama nyama ni mbichi au imeanza kuharibika, huibeba hadi dirishani.